Usipige Honi

Kaka yangu dereva,

Huku hatujambo. Lami imefika mbele ya nyumba, vumbi limekwisha, na mama sasa anaanika shuka nyeupe kwa maringo.

Baba kahamishia kiti barazani. Kila lori linaloteremka pwani analipungia mkono: "Mwanangu huyo!" Madereva wanamjibu kwa honi, naye anacheka mpaka kofia inadondoka. Juzi alipungia trekta la jirani, akaliombea safari njema. Macho yake hayaoni tena, kaka. Alinikataza nisikuambie.

Najua tajiri wako hataki msimame njiani. Lakini honi anapigiwa na kila mtu. Wewe zima gari, ushuke. Shikamoo ya mwana haitolewi kwa honi.

Mdogo wako, mbishi yuleyule.