Moteli ya Likoni Inauzwa

Babangu,

Nakuandikia huku Ulaya, hapa Handsworth, jikoni, na koti mwilini, maana umeme wamekata tena. Usijali, baridi siisikii. Tangu ilipofika telegramu ya kaka Athmani, kwamba umefariki na wameshakuzika, sisikii kitu. Saidi mume wangu huniuliza kama nimekula, nami huwa sijui.

Siku ile nilikwenda kazini. Utashangaa, lakini ndivyo. Moteli ninayosafisha iko kando ya barabara kuu, nje ya mji, na ina ndugu zake miji mingine: kibao kile kile, mapazia yale yale, hata sabuni ni moja. Wenzangu wanadhani haya yameanzia kwao. Mimi huwaambia, acheni hizo, babangu amesimamia tatu za namna hii Mombasa. Ya kwanza Changamwe, kwa watu wa magari watokao Nairobi. Ya pili Nyali, ng'ambo ya daraja la kuelea. Ya tatu Likoni, ukishavuka feri. Zote za Bwana Jivan, zote mapazia ya kijani, na kila moja mtungi wa maji mlangoni, mgeni anywe kwanza ndipo aulizwe jina.

Na ile sheria yako: mgeni akiondoka, chumba hakifagiwi mpaka awe amefika mbali. Ukifagia nyuma yake, hatarudi tena. Nimeishika hata huku. Bi Norin, mkubwa wetu, mama wa Kiayalandi, alinigombeza weee mpaka akachoka. Siku ya telegramu alinikuta nimekaa kwenye kitanda kisichotandikwa, ufagio mapajani. Nikamwambia babangu amesafiri. Hakuuliza wapi. Akautwaa ufagio, akasema, "Basi leo usifagie popote." Hapo ndipo ningelia, nadhani. Sikulia.

Kisha Bwana Jivan akaja kunipa pole. Amezeeka, Baba. Yule aliyekuwa akishuka garini na suti nyeupe, sasa amehamia huku, ana kiduka karibu nasi, Soho Road, na anavaa soksi juu ya soksi. Alikutaja kwa kirefu: mlivyopaka rangi Changamwe wenyewe wawili, na ulivyomnunia wiki nzima alipotaka kufungua baa. Halafu akalia. Mimi nikamtilia chai nyingine.

Alipotulia akanieleza hali. Siku hizi watalii wakishuka ndege wanabebwa na basi moja kwa moja hadi hoteli za ufukweni, nani tena alale kando ya barabara? Changamwe imekuwa ghala la magunia. Nyali imebomolewa. Likoni aliiacha kwa ajili yako tu, na kwa kuwa wewe na Mama mlikaa nyumba ya uani. Sasa kuna watu wanaitaka waivunje. Akasema nikikubali kurudi niishike mimi, haiuzi. Nikikataa, anauza, na Mama itabidi ahame. Alitaka jibu kabla hajaenda Mombasa.

Saidi alisema, nenda ukitaka. Nikamjia juu: na watoto je, uwalee wewe ambaye hata uji unakushinda? Lakini moyoni nilikuwa nimeshaamua kurudi. Ningefanyaje? Mama yumo edani, nimwache anatafutiwa pa kuweka kichwa? Na kazi yako yote ya miaka, ivunjwe kwa sababu binti yako amezoea Ulaya?

Ndipo akaja shangazi Mwanaisha, kutoka Mombasa, kumwona mwanawe anayekaa huku, Perry Barr. Alikuwa na Mama matanga yote, na Mama alimpa maneno aniletee. Shangazi alinikalisha kwanza, akayasema kama alivyotumwa:

"Mwambie asirudi kulinda vitanda. Nimemfagilia babake vyumba maisha yangu yote, nimechoka. Nikitoka eda nahamia kwa Athmani. Aje anione mimi."

Nilicheka, Baba. Nilicheka mpaka shangazi akaogopa. Miaka yote hiyo tunaisifu sheria yako, kumbe aliyekuwa akingoja mgeni afike mbali, kisha ainame kufagia jua likiwa utosini, ni Mama. Wala hakuna kati yetu aliyewahi kumuuliza.

Jana nimemwambia Bwana Jivan auze. Alitafuta kofia yake, akaniaga vizuri. Bi Norin amenipa likizo. Uji Saidi atajifunza.

Haya Baba, kwaheri ya kuonana. Mola akupe raha huko uliko. Nakuahidi nitafika kaburini kwako, nikusalimie, nikuombee. Lakini sitakaa sana. Nitakwenda kwa Mama, nimtandikie kitanda, alale mpaka atakapochoka kulala. Na kulia nitalia huko huko kwake, penye mtu wa kunishika.

Mwanao,
Zuhura