Mvua za Jabal na Leseni Yangu

Jumapili, 1 Aprili 1979

Birkat al Mauz, Omani. Asubuhi jua kali, mchana wingu juu ya Jabal, mlima wetu, alasiri mvua ya mawe! Mama kapanda darini kuanua nguo, sinia kafunika kichwani. Alivyomaliza kuzianua jua likatoka tena, kama hapajatokea kitu. Hali ya hewa ya mwezi huu haina adabu.

Habari kubwa: mudira, mwalimu mkuu wa skuli ya wasichana ya Manah, ananitaka nikafundishe. Mwalimu wake mmoja anakwenda kujifungua. Lakini basi la skuli halifiki kwetu, na mume wangu Nadhir yuko Maskati kazini, harudi mpaka Alhamisi. Mudira kasema wazi: nikiweza kujiendesha mwenyewe, kazi yangu. Nisipoweza, yuko mwengine anayeingoja.

Gari ipo, Datsun ya Nadhir, imelala uani wiki nzima. Leseni ndiyo sina. Mwezi uliopita nilianguka mtihani. Mwanza nilikuwa nikiendesha pikapu ya baba, na kule watu hupita kushoto. Hapa ni kulia. Nikakata kona ya Nizwa vizuri, kwa madaha — nikaingia kushoto, uso kwa uso na lori la maji. Afisa wa trafiki, Musallam, hata hakunigombeza. Alifumba macho tu.

Narudia keshokutwa. Kazi hii naitaka mpaka naiota.

Jumanne, 3 Aprili

Sikwenda. Jua linawaka, juu yetu hata kipande cha wingu hakuna — na wadi, ule mto mkavu, imeshuka! Maji ya udongo, yanakokota makuti na magogo. Mvua imenyesha usiku kule juu Jabal, sisi huku chini tumelala. Mama hajaamini mpaka kaenda kuyaona. Mwanza mvua ikikunyeshea unarowa, isipokunyeshea unakwenda zako. Hapa unakatiwa njia na mvua ya watu wengine.

Shemegi Thuwaini, kaka yake Nadhir, ndiye wa kunipeleka Nizwa. Kapita kunywa kahawa, uso umemkunjuka. Eti afadhali, wanawake wa bara na usukani wapi na wapi. Kwa majirani zetu sote tuliotoka Afrika ni Zinjibari, lakini kwa Thuwaini, aliyezaliwa Unguja mjini, mimi ni mtu wa bara tu na nitakufa mtu wa bara. Nimemmiminia kahawa. Tende sikumtolea.

Mtihani umehamishiwa Jumamosi.

Alhamisi, 5 Aprili

Nadhir amerudi. Tumekwenda kufanya mazoezi njia ya Izki, Mama nyuma anasoma kila aya anayoijua. Hewa imeoshwa, Jabal inaonekana kila mkunjo wake. Mara mbili tumekwama kwenye tope, mara mbili Nadhir kashuka kusukuma bila ya kununa. Nampenda mtu huyu.

Mkono wangu wa kushoto una akili zake peke yake. Kila nikikaribia kona, Nadhir anajipiga goti la kulia, ndiyo ishara yetu. Njiani kurudi akaacha kujipiga. Akamenya chungwa, akala, anaangalia mashamba. Mtu hamenyi chungwa akiwa na wasiwasi na roho yake.

Jumamosi, 7 Aprili

Vumbi! Thuwaini kanifikisha Nizwa kweli, taa zimewashwa asubuhi. Musallam katoka mlangoni, katazama, hata ngome ya mji haionekani. Kasema hatahini mtu kwa kupapasa. Rudi Jumatano.

Nyumbani nimekuta salamu za mudira. Hawezi kungoja zaidi. Anataka jawabu Jumatano hiyohiyo kabla ya ofisi kufungwa, Jumamosi inayofuata darasa lazima liwe na mwalimu.

Nimelia jikoni. Kwa hasira, si kwa huzuni. Kisha nikafagia mchanga nyumba nzima, na Mama alipoingia na viatu nikamfokea, masikini. Nimemwomba radhi.

Jumatatu, 9 Aprili

Mvua tangu alfajiri, na radi inayotikisa vikombe kabatini. Thuwaini kasema Land Rover yake haijui maji ya wadi ni nini, kaingia nayo. Watu wa ng'ambo wanampungia mikono arudi, yeye anaona wanamsalimia.

Karudi kwa miguu. Viatu mkononi, dishdasha, kanzu ya huku, imemganda mwilini. Gari imezimika katikati, imetolewa kwa trekta, sasa iko gereji. Nimempa taulo na chai ya tangawizi, nimemuuliza hali, sikucheka hata kidogo. Kisha nikaingia chumbani nikajifunika mto. Mama kanifuata, tumecheka mpaka tumeshikana.

Jumanne, 10 Aprili

Pakavu. Siku nzima. Naogopa hata kusema.

Jumatano, 11 Aprili

Naandika ndani ya Datsun, ukingoni mwa wadi, upande wa Farq.

Tumeanza vizuri. Musallam kakaa pembeni yangu, Thuwaini nyuma, maana haikupendeza nitoke na afisa peke yetu. Kona zote kulia! Kurudi nyuma, kupanda mlima, yote. Tumevuka wadi pakavu kabisa, tukaenda hadi mbele, Musallam kasema tugeuze. Kurudi — wadi imeshuka. Jabal nyeusi, sisi juani. Nizwa iko ng'ambo, na muhuri wa leseni uko Nizwa, na ofisi inafungwa saa nane.

Tumengoja. Nyuma yetu magari yamepangana, malori, moja Bedford, na pikapu za mbuzi. Maji yamepungua kidogo kidogo, mawe yakaanza kuonekana. Wanaume wameshuka, kila mtu anatoa fatwa yake. Thuwaini kamwambia Musallam kwa Kiarabu kwamba hapa sasa si mambo ya mtihani, yeye Thuwaini ndiye aendeshe, mwanamke atazima gari.

Musallam kavua viatu, kakunja suruali, kaingia majini polepole mpaka ng'ambo na kurudi. Hayafiki goti. Kamwambia Thuwaini kwamba mtihani haujesha, na kiti cha dereva kina mwenyewe. Kisha kawageukia wa nyuma, wote wale na malori yao: subirini, bibi huyu atatangulia, mpite anapopita yeye.

Wamerudi magarini, mmoja mmoja.

Musallam anakung'uta miguu, anaingia. Saa saba na robo. Karatasi iko mapajani mwake, bado haina saini. Gia ya kwanza. Thuwaini kainama kutoka nyuma, kwa sauti ya chini ambayo sijapata kuisikia kwake, kaniuliza:

"Shemegi, nishuke au nikae?"

Nimemwambia akae, afunge kioo.