Kamera Inasoma Namba ya Lori, Kikapu Hakionekani

Mpendwa Shangazi Sabina, shikamoo, naomba msaada wako na usinicheke. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, Blessing, ana miezi saba, tunaishi Ipogolo, nasuka vikapu vya nyasi za milulu na wenzangu watano, sasa kuna mama mwenye duka kule Mbeya, Bi Naima, anavitaka vikapu vyetu, ila watu waliwahi kumletea vikapu vikafumuka ukingo mbele ya wateja, kwa hiyo akaniambia, "Mwanangu, kwa mbali kila kikapu ni kizuri. Nitumie picha ya ukingo, karibu kabisa, niuone mlulu mmoja mmoja," na ametupa mpaka Jumamosi, la sivyo anachukua kwa wengine. Simu yangu nikiisogeza karibu picha inakuwa uji. Basi tukachanga, nikatumwa mimi kwa Sosthenes, mpiga picha wa harusi hapa kwetu, anauza kamera zilizotumika, nikakuta mbili, ndogo ya kuingia mfukoni, na kubwa yenye mdomo mrefu ambayo nikiitaka lazima niongezee hela yangu niliyoweka ya bati za nyumba. Sosthenes akasema, "Dada Yusta, hiyo ndogo ni ya watoto wa shule, shika chombo hiki." Tukatoka nje, watu wakatufuata, nikaielekeza mlimani, Shangazi, nikasoma namba ya lori lililokuwa linapanda kule juu! Watu wakapiga makofi. Nikaivaa shingoni, Blessing mgongoni, nikajiona na mimi mtu. Nikampigia mume wangu Jailos, yuko machimboni Makongolosi, akasema, "Chukua kubwa, tusidharauliwe." Na mwenyekiti wa kwaya ameshaniomba nikapige picha za kipaimara cha mwanae. Nakiri naipenda hiyo kubwa, lakini wenzangu wameniamini na roho inasita. Nichukue ipi?

Yusta, Ipogolo

Marahaba, Yusta mwanangu. Umechelewa kuniomba nisicheke, chai yangu imeshapoa kwa kicheko. Bi Naima ameomba ukingo wa kikapu, wewe unataka kumpelekea namba ya lori? Kwani anafungua gereji?

Hukuanza wewe. Huku kwetu mtu akishika kamera dukani, cha kwanza ni kutoka nje kutafuta mlima. Hakuna anayepiga picha kucha yake. Hiyo yenye mdomo mrefu imetengenezwa kuona mbali. Ukiisogeza kwenye kikapu itagoma, mpaka urudi nyuma hatua mbili tatu. Ipo lenzi nyingine ya kupigia vitu vya karibu, lakini bei yake Sosthenes hakukutajia, na wewe hukuuliza kwa sababu ulikuwa unapigiwa makofi.

Jailos naye! Mtu anayetafuta dhahabu punje kwa punje anakufundisha kwamba heshima ni ukubwa?

Moyo wako uliposita ulikuwa na akili kuliko wote mliosimama pale nje. Usikilize. Kesho rudi kwa Sosthenes na kikapu mkononi. Washa ile ndogo, tafuta alama ya ua, hiyo ndiyo ya kupigia vitu vya karibu. Usivute zoom hata kidogo, usogee wewe mwenyewe, umbali wa vidole vitatu au vinne. Bonyeza kitufe nusu, subiri kamera ikubali, halafu malizia. Kisha ikuze picha palepale kwenye kioo. Ukiweza kuhesabu milulu, nunua. Ukiona ukungu, au ua halipo, iache, katafute ndogo nyingine hata Sosthenes akinuna. Dai chaja yake, na uulize kama inapokea memori kadi ndogo ya simu ndani ya adapta, maana picha isiyofika kwenye simu haitafika Mbeya. Hela ya bati isiguswe. Na mwenyekiti wa kwaya mwambie ukweli, atafute mpiga picha.

Kikapu kiweke mlangoni asubuhi, kivulini penye mwanga, flashi ukiwa umeizima, maana inafanya milulu ing'ae kama imepakwa mafuta. Kamera ikae juu ya tofali, uiwekee saa ya kusubiri sekunde mbili kabla ya kupiga. Blessing mpe mwenzio ambebe. Mama akipumua na mtoto mgongoni, picha nayo inapumua.

Utume Ijumaa, usingoje Jumamosi. Na picha ikikuonyesha ukingo umelegea, usikimbilie kubadilisha kamera. Fumua, suka upya, ndipo utume.