Ua la Lango la Mtakani

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Asmahani binti Mselem. Umri: miaka kumi na sita. Kazi: mwanafunzi, darasa la nane. Makazi: Mtakani, njia ya Mkwaja. Tarehe: 14 Agosti 1956.

Ninayoyasema sijapata kumwambia mtu, hata mama, kwa sababu niliyaona chumbani mwa bibi arusi, na mambo ya chumba kile hayatolewi nje.

Nyuma ya nyumba yetu pana lango la mji wa kale. Juu yake palikuwa na ua lililochongwa katika tumbawe, petali nane, moja imevunjika ncha. Nalijua vizuri kwa kuwa hukaa pale kusoma. Masika ya mwaka huu yaliangusha sehemu ya juu ya lango, na ua halikuonekana tena. Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, akaliulizia. Mnamo tarehe 10 Agosti askari walimkamata Mzee Uweso, mchoma chokaa, kwa tuhuma kwamba amelitia tanurini kuwa chokaa.

Tarehe 12 alasiri, dada yangu Shariffa, ndiye bibi arusi, alikuwa akisingwa mwili kwa liwa, mti wa manukato unaosagwa jiweni. Kungwi wake ni Bi Semeni, bibi yetu mzaa mama. Alinituma nioshe jiwe la kusagia. Nilipoligeuza niliona petali.

Nikasema, "Bibi, hili ni ua la langoni."

"Lilikuwa limelala matopeni, nikaliokota. Mgongo wake unasaga laini. Ulitaka nimsinge dadako kwa kigae?"

Wanawake waliokuwamo chumbani wakacheka.

"Mzee Uweso yuko mahabusu kwa ajili yake."

"Uweso mwanamume, atavumilia arusi ipite. Na wewe mke wa vitabu, ukitoa ya ndani, nani atakuposa?"

Nikaliosha jiwe, nikamrudishia. Usiku ule na uliofuata sikulala vizuri.

Bibi hakuiba. Naomba hilo liandikwe.

Leo baada ya sala ya alfajiri nilimwamkia shikamoo, nikamwambia nalipeleka jiwe kituoni. Akasema, "Liwa ya arusi haijasagwa." Nikakaa chini nikaisaga yote, mpaka mikono ikauma, nikamkabidhi bakuli. Hakunitazama. Nikaliosha jiwe, nikalifunga kwa kanga, nikajitwika, nikaja kwa miguu. Ndilo hilo mezani.

Niliyoyaona na kuyatenda ni hayo, na ni kweli.

(Sahihi) Asmahani Mselem

Nimeyaandika mimi, Koplo Asheri. Shahidi ameyasoma mwenyewe, akasahihisha mahali pawili. Jiwe limepokelewa.