Kwa Baba, Profesa wa Foleni: Faili Lako la Kijani Liko Nyumbani

Mwaka umekatika, Baba, tangu asubuhi ile ulipotutoka ukiwa kwenye kiti chako, miwani umeipandisha juu ya paji la uso.

Ulikuwa profesa wa kwanza wa uchumi pale chuoni, enzi hizo idara nzima ilikuwa chumba kimoja, ubao mmoja na wewe. Waliokufuata walipenda uchumi wa vitabuni. Wewe ulibeba kiti cha kukunja ukaenda kukaa kando ya bomba la maji, ukaandika kila mwanamke amefika saa ngapi na ameondoka saa ngapi. Ulisema watu wanaopangishwa foleni tangu alfajiri hakuna mwenye haki ya kuwaita wavivu. Wanafunzi wakakubandika jina la Profesa wa Foleni, nawe ukalipenda.

Nyumbani ulikuwa mpole kupita kiasi. Mashati yako ulipiga pasi mwenyewe, na sare zetu za shule pia. Hukumfukuza mwanafunzi mlangoni hata akija wakati wa kula, na wengi walikuja wakati huo.

Mmoja wao ndiye Mkuu wa Idara wa sasa. Ulipostaafu, kazi yake ya kwanza ilikuwa kuitupa meza yako koridoni. Miaka kumi na moja hakukanyaga kwetu, hata ulipolazwa. Kwenye mazishi alileta shada la maua lenye jina lake kubwa kuliko lako.

Mwezi uliopita akatokea, macho makavu, na makarani wawili na maboksi. Chuo kinafungua chumba chenye jina lako, akasema, na karatasi zako zote ziende huko. Mama alitaka kukubali. Umeacha madaftari mia mbili, na hamu yake ni moja tu: yasomwe na watu, yasiliwe na mchwa. Bwana yule akamvisha kilemba cha ukoka kwa saa nzima. Mwishoni akasema, "Haya mengine tutayafuata kesho, Mama. Ila lile faili la kijani naondoka nalo sasa hivi."

"Faili gani la kijani, baba?" Mama akauliza, maana hakuna aliyemtajia faili lolote.

Akababaika, akaaga.

Mama alilipata chini kabisa ya sanduku la vyeti. Ndani mna kurasa sitini za mwandiko wako, na juu umemwandikia mwanafunzi wako huyo: "Mwanangu, huu ni mfano tu. Nenda bombani ukahesabu mwenyewe." Mama akashusha rafuni kitabu cha Mkuu wa Idara, kile kilichompa udaktari, akafuatisha mstari kwa mstari kwa kidole. Sura ya tatu ni faili lako zima. Bwana huyu bombani hakwenda. Amenakili kila kitu, hadi pale uliposema: "Siku ya nne mke wangu alisimama saa tatu akarudi na ndoo nusu." Wakati huo hakuwa na mke wala mchumba! Na wasomi wote waliompigia makofi, hakuna hata mmoja aliyemuuliza mke huyo ni nani.

Wewe uliuona wizi huu ukanyamaza, tunakujua. Kwa hilo, Baba, tumekukasirikia.

Kesho yake aliporudi kufuata madaftari, Mama akamkalisha mezani, akamfungulia kitabu. "Soma hapo, kwa sauti."

Akasoma. Alipofika kwa "mke wangu" akakwama.

"Endelea, baba. Huyo mke ni mimi. Ndoo niliibeba mimi, na siku zile chakula chako ulikula hapa hapa, ukaongezwa."

"Mama, yale yalikuwa mambo ya ujana..."

"Kumbe nimekuwa mke wa wanaume wawili miaka yote hii, na wa pili hajawahi hata kunitua ndoo."

"Tuyazungumze kifamilia, Mama. Nipe tu lile faili."

"Familia ipi?" Mama akafungua mlango. Bwana yule akatoka amenywea, makarani nyuma yake na maboksi matupu, wakijizuia kucheka.

Chumba chako kinafunguliwa leo, kadi tumeletewa. Hatuendi. Watakaokwenda watapigiana makofi, wamezoea. Madaftari yako yako kwenye meza yetu ya chakula, yamefutwa vumbi, na mwanafunzi yeyote anayetaka kuyasoma abishe hodi wakati wowote wa mchana. Faili la kijani tumeliweka juu kabisa, na kitabu kile pembeni yake, ili asipate taabu ya kulinganisha.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye hana mume mwingine. Na binti zako, fundi cherehani na muuguzi. Na mwanao dereva, dada yako na wajukuu wako watano. Sisi hutatutoka moyoni maisha yetu yote. Na Mkuu wa Idara, kuanzia leo, naye hatakusahau.