Tao la Matete

Gatete, Jumatano

Kwako Tahiri, mtoto wa kaka yangu,

Amahoro. Mguu wangu umepona kidogo. Mawese ya msimu huu ni mazuri, nimekuwekea bidoni moja.

Ule msaada mdogo ambao shirika lenu liliuomba ili kuyalinda matete ya ufukoni kwetu umefika, nasi tuliufurahia. Nilikueleza ungali mtoto, nakueleza tena: samaki hutaga ndani ya matete, na kiboko akipata malisho humo haji kula mihogo yetu.

Jana Hamissi na wenzake wa shirika lenu walikuja na mapanga wakayafyeka yote.

"Nyinyi, mna wazimu?" nikapiga kelele. "Si ndiyo mnayoyalinda?"

Hamissi akacheka. "Mama Mwalimu, Jumamosi wageni waliotoa msaada wanakuja. Tenti tutaiweka wapi? Tena tumewajengea tao la kuwakaribisha, uone lilivyopendeza!"

Tao lenyewe, Tahiri, ni la matete yaleyale.

Nikauliza nani kaamuru. Akakupigia, akaiweka simu kwa sauti kubwa. Nikakusikia mwenyewe: "Fyekeni pote, ziwa lionekane kwenye picha."

Uliniomba nitoe neno la shukrani. Nitalitoa. Lakini mizizi bado iko hai, na umati ukiikanyaga itakufa. Njoo Ijumaa, uihamishie tenti kwenye kiwanja cha mpira kwa mikono yako. Nikiikuta palepale, nitasimama chini ya tao na kuwaeleza wageni wako limejengwa kwa matete yapi.

Shangazi yako, ambaye hajaacha kukufundisha,
Zuwena