Ulidhani Ninatania

Longino,

Najua umeshtuka. Miaka yote tuliyojuana sikukuita jina hilo ila mara moja tu. Nilikuita Mhehe, ukaniita Mngoni, hata mbele ya padre tulikuwa hivyo hivyo, watani tuliorithi matusi kwa mababu waliopigana vita na kuibiana ng'ombe. Leo sikuiti Mhehe. Nina hasira nawe, na mtu mwenye hasira ya kweli hana nafasi ya kutania.

Nakuandikia kutoka hapa hapa Ilomba, Mbeya, ndani ya karakana yetu, ile uliyopenda kuiita zizi. Gundi iko jikoni inachemka na inanuka vilevile. Nimerudi kutengeneza ndege. Umesikia? Zile zile ndege zetu ndogo za kuchezea, za sarakasi, za mtu kujiungia mwenyewe: vipande ndani ya boksi, mbavu za mabawa, mkia, nyaya mbili za chuma na mshikio wake wa kuiongozea kutoka chini, karatasi ya maelezo juu. Niliapa sitazigusa tena maisha yangu. Nimevunja kiapo, na aliyenivunjisha ni baba yako mdogo. Huyo nitamfikia.

Kwanza nianze na siku ile, maana kila mtu kuanzia Mbeya hadi Iringa ameshaisimulia isipokuwa mimi, na mimi ndiye niliyekuwa nimesimama karibu.

Yule mwenye duka alikwisha kubali! Hilo ndilo linalonikereketa mpaka leo. Alitaka aone kwa macho yake ndege inavyoruka kabla hajazipanga dirishani, akaona. Uliizungusha, ukaipandisha, ukaipindua mara mbili, akapiga makofi, akasema, "Basi, basi, kesho nitaleta gari." Kazi ilikuwa imekwisha. Lakini wewe uliona watu wamejaa uwanjani, ukaona wasichana wa misheni wamesimama na madaftari yao vichwani kwa ajili ya manyunyu, basi ukataka uwaonyeshe na ile ya kuruka chali. Sifa, bwana! Sifa tupu. Na mlimani huko juu kulikwisha kuwa kweusi.

Nikakuambia kama nilivyozoea kukuambia kila kitu: "Mhehe, endelea tu, radi ikuchukue leo tukale matanga yako." Watu wakacheka. Nawe, mikono yako imeshika mshikio, nyaya za chuma zimenyooka mpaka angani, ukajibu, "Mngoni anaogopa hata ngurumo ya tumbo lake." Wakacheka zaidi. Ikanguruma mara ya pili, karibu. Ndipo nilipokuita jina lako. "Longino, shusha ndege." Sikucheka. Sauti yangu mwenyewe sikuitambua. Ukageuza uso ukanitazama, nakuapia uliniangalia machoni, na ulijua. Mtu ambaye sikuwahi kumwita jina lake, nimemwita jina lake mbele ya umati, halafu asijue kwamba sitanii? Ulijua! Ukacheka, ukaipindua chali.

Sitaandika radi ilivyoshuka na nyaya, wala ulivyoanguka. Ulikuwepo.

Niandike yaliyofuata, maana hayo hukuyaona. Tulikulaza ndani ya lori tukasafiri nawe mpaka kwenu Kihesa, mimi na binti yangu Anjela tumekaa nyuma pembeni ya sanduku nililolitengeneza mwenyewe, na baridi ya kule njiani ilitukata masikio. Njia nzima nilikuwa najiandaa. Unafahamu kazi ya mtani msibani. Mtani ndiye anayechimba. Mtani ndiye anayeshuka kaburini akalala humo apime kama patakutosha. Anavaa koti la marehemu, anatembea kama yeye, anadai kuku, anamtukana maiti mpaka wafiwa wacheke huku machozi yanawatoka. Nilikuwa nimeshapanga nitakavyokuiga: lile bega lako la kushoto lililoshuka tangu ulipokuwa jeshini, askari wa keya, na unavyopuliza gundi kama uji wa mtoto. Nilijua mama yako angecheka. Angelia, lakini angecheka.

Tumefika, nikaomba jembe. Wakanipa kiti.

Kiti, Longino! Na chai yenye sukari, kikombe cha mgeni. Wakanipa shikamoo na karibu na pole na safari. Vijana wa ukoo wenu wakachimba wenyewe, vibaya, ukingo mmoja umepinda, na mimi nimekaa kwenye kiti kama karani wa kodi. Mama yako, yeye aliyekuwa akinirushia magunzi kila nikikanyaga uani pake, akinitukana mpaka majirani wanatoka nje, alinipa mkono kwa adabu akasema, "Asante kwa kuja, baba." Akaondoka. Ungenipiga kofi ningeumia kidogo kuliko hapo.

Siku ya kumaliza matanga baba yako mdogo akasimama. Akasema habari za radi haziji zenyewe. Akasema kuna mtu alitamka kwa kinywa chake kwamba radi imchukue, na radi ikamchukua, watoto wadogo hawajamaliza kucheka. "Aliyeiita anajua ameinunua wapi." Hakunitaja. Hakuwa na haja, watu wote walinigeukia.

Nikasimama nikasema lile lilikuwa neno la utani, na toka lini neno la mtani likashikwa? Mngoni akimwambia Mhehe afe, ndivyo anavyomwambia habari za asubuhi. Nikasema, nilimwita kwa jina lake, nilimwambia ashushe, muulizeni yeyote aliyekuwepo. Nani alikuwepo? Wote walikuwa Mbeya. Na hata wa Mbeya, nilipowauliza baadaye, walikumbuka la kwanza, lile lililowachekesha. La pili hakuna aliyelisikia. Wewe peke yako ulilisikia, nawe umelala zako Kihesa na siri hiyo, umetulia. Ningekufufua nikutie makonde.

Hebu sikiliza maisha uliyoniachia. Wazazi waliowanunulia watoto wao ndege walianza kuzirudisha. Hawakubisha hodi, nilikuta zimewekwa mlangoni asubuhi, nyingine zimevunjwa mabawa kwanza, nyingine zimepakwa majivu. Waliokuwa wakiniletea milango na madirisha wakapeleka kwa maseremala wengine. Ikawa nikipita njiani mama mtu anamvuta mwanawe upande wa pili. Padre akasema tusijali maneno ya ushirikina. Ni rahisi kwake, hauzi kitu. Zile mbao zetu nyepesi, za mti ule wa maua mekundu wanaochongea ngoma, ambazo tulihangaika nazo kuzikausha kivulini zisipinde, nikazitengenezea banda la kuku. Kuku wakazipenda sana. Anjela alikuwa akinitazama tu nikipigilia misumari, akasema, "Baba, wewe hasira zako zitakuua radi haijakufikia." Nikamwambia afadhali, maana hasira angalau ni za kwangu.

Nilikaa hivyo kiangazi kizima na masika yake. Kisha akaja mwalimu mmoja kutoka Iringa, ameshika boksi kwapani. Kaulizia, kaelekezwa kwangu. Akafungua boksi, akasema ndege hii haitaki kuruka, inapinda kushoto na kujigonga chini, wanafunzi wake wamelia. Nikatazama. Mbavu za bawa la kushoto zilitoka kwenye ndege yetu kubwa, za kulia zilitoka kwenye ndogo. Nyaya hazilingani. Karatasi ya maelezo hakuna. Nikamuuliza kanunua wapi. Akasema sokoni, kwa mzee mmoja wa Kihesa, anasema ni ndege za marehemu mtoto wake na kwamba fundi mwenyewe ni yeye.

Umeelewa? Yale maboksi uliyokwisha yapeleka nyumbani kwenu ukisubiri maonyesho. Baba yako mdogo! Yule yule! Ameyafungua, amechanganya vipande kama kunde, anauza. Radi ni yangu, ndege ni zake! Mimi mchawi, yeye fundi! Nilicheka, Longino, nilicheka mpaka mwalimu wa watu akarudi nyuma hatua mbili. Halafu nikatoka nje nikabomoa banda la kuku.

Usije ukasema nilirudi kwa moyo wa kishujaa, au kwa ajili ya kukuenzi, kama watu wanavyosema kanisani. Nilirudi kwa hasira. Nilikata mbavu za ndege ya yule mwalimu upya usiku ule ule kwa hasira, na zilitoka sawa, kila moja. Nikamwambia sitaki malipo, nataka uwanja. Shule yake iko hapo hapo Kihesa. Nikamwambia nitakuja kuirusha mwenyewe, mbele ya watu, mbele ya ukoo wote wa marehemu, wakitaka waje na mganga wao. Kama nisingeweza kusimama pale na kushika nyaya zile mbele ya mama yako, basi ni kweli ningekuwa nimekubali maneno yao, na nisingekuwa tena fundi wa ndege wala mtani wa mtu, ningebaki mtu wa kupewa kiti.

Tulikwenda mwezi wa saba, baridi kali, anga jeupe halina hata kipande cha wingu. Watu walijaa mpaka juu ya ukuta.  Hakuna aliyeniambia hata kamwene ya salamu. Baba yako mdogo alisimama mbele na koti lake, ananiangalia kama anayesubiri mvua. Mama yako alikuwa amekaa na akina mama wenzake kwenye ukuta wa darasa, hakuninyanyulia macho.

Nikasimama katikati. Mwalimu akawasha injini, ikalia ule mlio wake wa nyigu, akaiachia. Sikufichi kitu. Mkono wa kulia ulikufa ganzi kabisa, nikawa siujui kama umeshika au haujashika. Nilizunguka nayo chini chini, mara nyingi kupita kiasi, nikasikia mtu anacheka. Nikakumbuka hasira. Nikaipandisha, nikaipindua. Ikapinduka vizuri. Nikaipindua tena. Kisha nikaigeuza chali, ndiyo, ile ile, nikaipeleka chali uwanja mzima nikiwa nalia kwa sauti, nakutukana wewe, nakutukana matusi ambayo hata utani hauyaruhusu, na kwa bahati injini ilikuwa na makelele. Mafuta yakaisha, nikaishusha kwenye majani. Haikuvunjika kitu.

 Baba yako mdogo akafungua kinywa chake.

Mama yako akamuwahi. Sikumwona anainuka, nilimsikia tu. "Wewe Mngoni! Mwizi wewe, mtoto wa wezi! Babu zako walichukua ng'ombe zetu, wewe umekuja kutuchezea uwanja wetu bila kuomba ruhusa? Unajiona nani na miguu yako hiyo kama mipini ya jembe?" Akaja moja kwa moja uwanjani, kanga imemwanguka begani, akainama, akaiokota ndege, ingali na moto, akaishika kwapani kama jogoo. "Hii ni yangu! Ukiitaka njoo uikomboe na mbuzi!" Akageuka anaondoka nayo kuelekea nyumbani. Akina mama wakapiga vigelegele. Na mimi nimesimama na mshikio mkononi, nyaya zinaburuzika nyuma yake kwenye vumbi, nikamfuata nikipiga kelele kwamba Wahehe wote ni majambazi na yeye ndiye jambazi mkuu wao, mbuzi atamwona ndotoni. Akageuka, akanirushia jiwe dogo. Akanikosa. Alikuwa anacheka, na macho yake yalikuwa yamejaa.

Nani angesema kitu tena? Mtani amenyang'anywa mali na mama wa marehemu mwenyewe, hadharani. Baba yako mdogo alifunga kinywa, akafunga na koti. Mwalimu alichukua maboksi yote niliyokuja nayo, na wengine wakaanza kuniuliza nitarudi lini.

Jioni nilikula ugali kwa mama yako, nimekaa chini kwenye mkeka, jikoni. Akaniambia kitu kimoja tu bila utani. Alisema, "Wewe ulimwambia ashushe. Mimi namjua mwanangu. Hakuwahi kushusha kitu alichoambiwa ashushe." Basi. Akanitupia mfupa.

Kwa hiyo hivi sasa ninafanya kazi. Nimefungia mishikio yote mpira wa baiskeli, watu wananiuliza kama unazuia radi, nawaambia kinachozuia radi ni akili. Kwenye karatasi ya maelezo, kabla ya gundi, kabla ya mbavu, mstari wa kwanza nimeandika kwa herufi kubwa: UKISIKIA NGURUMO, SHUSHA. Hukutaka tuandike vile, ulisema tutawatisha wanunuzi. Natumaini wanatishika.

Bado sijakusamehe, usijidanganye. Nikiamka vibaya wewe ndiye wa kwanza ninayemkumbuka, na nikiona umati ukicheka moyo wangu unashtuka. Lakini lala. Lala salama, nasema kweli, na Mungu akuweke pazuri, mbali na wasichana wa kuwaonyesha sifa. Mimi nina kazi huku. Nakuahidi, kila kiangazi nitatengeneza ndege moja bora kuliko zote, nitaibeba wazi wazi mpaka Kihesa, nipite nayo taratibu mbele ya mlango wa mama yako, aninyang'anye.

Zaveri,
Ilomba